Mchanga wa pwani unafaa kwa bustani? Kwanza jua ni mchanga gani

Mtu akinunua kiwanja Kigamboni, Bagamoyo, Kilifi au Paje, habari ya bustani huanza mara tu ukuta ukisimama. Anachimba kidogo, anakuta mchanga mtupu, anauliza majirani. Mmoja anamwambia amwage majivu. Mwingine anamwambia alete lori la udongo mwekundu. Wa tatu anamwambia pwani huota minazi tu, mboga akanunue sokoni. Huenda wote watatu wanasema kweli, kila mmoja kwa kiwanja chake, na hapo ndipo watu wanapopotea. Ushauri unaoiokoa bustani ya Mkuranga unaweza kuiharibu ya Jambiani, ingawa kote ni pwani na kote ni mchanga.

Pwani yetu ina mchanga wa aina mbili kubwa, na asili zake hazihusiani kabisa. Wa kwanza umetoka bara. Ni miamba iliyosagika kwa maelfu ya miaka, ikaletwa na mito kama Rufiji, Ruvu, Tana na Sabaki, mawimbi na upepo vikautandaza. Chembe zake nyingi ni silika, ileile inayotengenezewa kioo. Rangi yake ni ya kahawia, kijivu au nyekundu, kama vilima vya mchanga mwekundu nyuma ya Malindi. Wa pili umezaliwa baharini: vipande vya matumbawe, makombe na mwani wenye mifupa ya chokaa. Huo ndio mchanga mweupe ambao wageni hupanda ndege kuja kuukanyaga, na kwa mkulima ni chokaa iliyosagwa.

Unguja inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Kisiwa hakifiki kilomita 40 kwa upana, lakini upande wa magharibi una udongo wa kina, ule ambao wenyeji huuita kichanga na kinongo, unaobeba migomba, miembe, mihogo na mikarafuu. Ukivuka kwenda mashariki unaingia uwanda na maweni: mwamba wa matumbawe uliofunikwa na udongo kiduchu, na mkulima anapanda kwenye mifuko ya udongo iliyo kati ya mawe. Ukifika ufukweni kabisa, Paje au Bwejuu, ni mchanga mweupe. Mvua haitofautiani kiasi hicho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kinachotofautiana ni kilicho chini ya miguu.

Kuutambua mchanga wako hakuhitaji maabara. Chukua kijiko kimoja kutoka kina cha kiganja, si ule wa juu, uanike ukauke, utie kwenye gilasi, kisha mimina siki au kamulia ndimu. Mchanga wa matumbawe utachemka: mapovu madogo yatapanda, na ukisogeza sikio utausikia unachachatika, kwa sababu asidi ya siki inakula chokaa na kutoa gesi. Mchanga wa silika utanyamaza kimya. Ukitoa povu hapa na pale tu, basi una makombe machache ndani yake, au mabaki ya saruji ya mafundi, maana viwanja vingi vipya hupigiwa zege palepale ambapo baadaye mtu anataka kupanda mchicha. Fanya jaribio hilo kwenye pembe zote za kiwanja kabla hujanunua hata gunia moja la mbolea.

Mambo ambayo mchanga wote unashiriki

Aina zote mbili zina tabia moja inayotokana na ukubwa wa chembe. Chembe ya mchanga ina upana wa kati ya milimita 0.05 na 2, wakati chembe ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Nafasi zilizo kati ya chembe kubwa ni pana, kwa hiyo maji hupita upesi na hewa huingia kwa urahisi. Hiyo ya hewa ni neema ambayo watu huisahau. Mizizi ya muhogo, karanga na viazi vitamu hupenya mchanga bila kupinda, hakuna matope ya kuioza wakati wa masika, na unaweza kulima siku ya pili baada ya mvua kubwa wakati mwenzako wa udongo wa mfinyanzi bado anasubiri shamba likauke.

Shida ni akiba ya maji. Sentimita 30 za juu za mchanga wenye chembe kubwa huhifadhi takriban milimita 15 hadi 25 za maji ambayo mmea unaweza kuyanyonya. Udongo tifutifu huhifadhi mara mbili au tatu ya hapo. Jua la Januari na Februari pamoja na upepo wa kaskazi huweza kuondoa milimita 5 kwa siku kwenye tuta la mboga. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo tuta la mita 1 kwa mita 5 linahitaji lita 25 kila siku, yaani ndoo moja kubwa na robo. Ukimwaga ndoo tisa Jumamosi ukidhani umemaliza hesabu ya wiki, nyingi zitashuka chini ya mizizi siku hiyohiyo na kwenda na mbolea yako. Maji kidogo kila siku, asubuhi mapema au jioni, ndiyo kanuni, na mfumo wa matone ukipatikana ni bora zaidi.

Kuna kisa kingine cha maji kinachowachanganya watu. Mchanga uliokaa mkavu muda mrefu, hasa chini ya miti, hupata utando wa nta inayotokana na majani yaliyooza. Unamwagilia, juu panaonekana pamelowa vizuri, lakini ukichimba kwa kidole unakuta vumbi kavu sentimita mbili tu chini. Maji yamekimbilia kwenye vijia vichache na kuacha sehemu kubwa bila tone. Dawa yake ni subira: mwaga kidogo, koroga kwa reki, subiri, mwaga tena, kisha funika kwa matandazo ili pasikauke tena kiasi hicho.

Pamoja na kiu kuna njaa. Mfinyanzi na mboji vina chaji ya umeme inayoshikilia virutubisho kama potasiamu na amonia visiondoke na maji. Mchanga hauna kitu cha kushikia. Urea yenye naitrojeni asilimia 46 ikimwagwa yote mara moja kwenye mchanga, mvua mbili kubwa za Aprili zinatosha kuisafirisha hadi kisimani. Ni afadhali kiasi kilekile ukigawe mara tatu au nne, kila mara ukifukie na kumwagilia. Kwenye mchanga wa matumbawe kufukia ni lazima, kwani urea iliyoachwa juu ya chokaa hugeuka amonia na kupeperuka. Harufu yenyewe utaisikia.

Hapa ndipo njia zinapoachana

Mchanga wa silika unaosuuzwa na mvua miaka mingi huwa mchachu, mara nyingi pH ya 5 hadi 6 (pH ni kipimo cha uchachu: 7 ni katikati, chini yake ni uchachu). Kwake yeye majivu ya kuni ni dawa kweli: hupunguza uchachu na kuongeza potasiamu. Unga wa mwamba wa fosfeti, kama ule wa Minjingu mkoani Manyara, unamfaa pia, maana unahitaji uchachu ili uyeyuke.

Mchanga wa matumbawe uko upande wa pili kabisa, pH ya 8 na kidogo juu yake. Majivu hapo ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Fosfeti ya mwamba hukaa kama jiwe. Hata fosforasi ya mbolea za dukani hufungwa na kalisi iliyo kwenye chokaa katika muda mfupi, ndiyo maana ni heri kuiweka pamoja na samadi ndani ya shimo la mche kuliko kuirusha kote. Chuma, zinki na manganizi vipo mchangani, lakini katika hali ambayo mizizi haiwezi kuvinyonya.

Wapo wanaoshauri kushusha pH kwa salfa. Tufanye hesabu. Sentimita 20 za juu za mchanga katika mita moja ya mraba zina uzito wa karibu kilo 300. Ikiwa nusu yake ni chokaa, hizo ni kilo 150, na kuziyeyusha zote kungehitaji karibu kilo 48 za salfa kwa kila mita ya mraba. Hakuna mwenye bustani atakayefanya hivyo, na chokaa ikibaki, pH hurudi palepale. Kwa mchanga mweupe acha vita hiyo. Chagua mimea inayoridhika na chokaa, na ile michache unayoitaka kwa nguvu, kama mlimao mmoja uani, ipulizie mbolea ya majani yenye chuma na zinki. Ukinunua chuma cha kuweka ardhini, soma lebo: cha aina ya EDDHA hubaki kikitumika kwenye chokaa, lakini kile cha EDTA huishiwa nguvu mapema.

Majani yenyewe hukwambia kinachoendelea, ukijua wapi pa kutazama. Jani changa la juu likiwa la njano huku mishipa yake imebaki kijani kama ramani ya mito, hapo chuma kimekosekana. Majani ya zamani ya chini yakigeuka njano yote kwa pamoja, ni naitrojeni iliyosombwa. Majani ya zamani yakiungua ukingoni, rangi ya kahawia ikitembea kutoka ncha kuelekea katikati, shuku chumvi. Nimeona watu wakimwaga urea juu ya mmea wenye njaa ya chuma, kisha wakaongeza tena kwa sababu haukupona. Kumbe dakika moja ya kutazama kama njano imeanzia juu au chini ingewaokolea fedha na mmea.

Chumvi ya kisima

Kisima cha pwani kinachota maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanayoelea juu ya maji ya bahari yaliyo chini ya ardhi. Kwa kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Hesabu hiyo hufanya kazi kwa kurudi nyuma pia: pampu ikishusha maji kwa nusu mita, mpaka wa chumvi unaweza kupanda kwa mita 20. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu wakati wa masika huanza kuwa na ladha ya chumvi mwezi Februari, hasa penye nyumba nyingi za wageni zenye mabwawa ya kuogelea.

Mimea haistahimili sawa. Maharage na karoti huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikifika desisimensi 1 kwa mita, vitunguu mara baada ya hapo, nyanya kwenye 2.5. Kunde huvumilia hadi karibu 5, na biturutu hadi 4. Spinachi yetu ya majani mapana ni ndugu wa biturutu, na mzazi wao wa mwituni huota fukweni mwa Ulaya, akipigwa na mvuke wa bahari tangu zamani. Kipima chumvi kidogo cha mkononi si ghali, na mwenye kisima karibu na bahari nitamsisitiza akinunue kabla ya mbegu.

Katika hili mchanga unamsaidia mkulima. Maji yenye chumvi kiasi yakitumika kwenye mfinyanzi, chumvi hujilimbikiza na udongo hugandamana kama sakafu. Kwenye mchanga, mvua za masika huisuuza yote chini. Ukilazimika kumwagilia maji ya chumvichumvi, ni heri bustani yako iwe ya mchanga, mradi umwagilie chini kwenye shina na si juu ya majani.

Kuujenga, na kuendelea kuujenga

Kila ushauri kuhusu mchanga huishia kwenye samadi na mboji, na ni sahihi, ila kiasi husemwa kwa kificho. Tabaka la sentimita 5 kwenye mita 10 za mraba ni lita 500, yaani ndoo 25 za lita 20. Chini ya hapo utaona tofauti kwa wiki chache tu. Tena joto la pwani huila mboji haraka sana. Kilichowekwa kabla ya vuli huwa kimepungua mno ifikapo masika, kwa hiyo ni kazi ya kila msimu. Samadi ya kuku isiyooza ina chumvi na huunguza miche. Iache ioze miezi miwili mitatu.

Kwa sababu hiyo napenda chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia la muuza mkaa. Haziozi kwa miaka mingi na matundu yake hushika maji. Zisitumike peke yake, maana zikiwa kavu na tupu hunyonya virutubisho kabla ya mmea. Zichanganye na samadi na mkojo wa ng'ombe, zikae wiki kadhaa, ndipo ziingie shambani. Kwenye mchanga mweupe tumia kwa kiasi, kwa kuwa nazo zina majivu ndani yake.

Makumbi ya nazi ni hazina nyingine tunayoichoma bure. Ukiyapanga chini ya shimo la mti, upande wa nyuzi ukiangalia juu, hulowa na kuachia maji polepole. Lakini ulizia yametoka wapi. Vijiji vingi vya mashariki ya Unguja hufukia makumbi kwenye matope ya pwani ili yalainike kwa kusokota kamba, na hayo yamejaa chumvi. Yaache yanyeshewe masika moja kabla ya kuyatumia. Vivyo hivyo kwa mwani na majani ya bahari yanayotupwa ufukweni: yana potasiamu nyingi, ila kwanza mvua iyaoshe.

Na lori la udongo mwekundu? Linasaidia ikiwa udongo huo kweli una mfinyanzi. Lowesha kidogo, viringisha kati ya viganja; ukitoa uzi mnene kama kalamu usiokatika, mfinyanzi upo. Ukivunjika, unanunua mchanga mwingine wa rangi tofauti. Kosa kubwa ni kuumwaga juu na kuuacha kama zulia. Maji hukaa kwenye tabaka la juu, mizizi haishuki, na jua likiwaka mmea unakufa kiu ukiwa juu ya mchanga mtupu. Uchanganywe na mboji mpaka kina cha jembe.

Umbo la kitanda nalo lina maneno yake. Picha nyingi za bustani tunazoziona ni matuta yaliyoinuliwa, jambo la maana Tukuyu au Kisii ambako maji hutuama. Mchangani tuta lililoinuliwa hukauka pande zote. Wakati wa kiangazi zamisha kitanda: chimba sentimita 15 hadi 20, changanya mboji chini, acha kingo zikizunguka ili kila tone na kila jani likusanyike ndani. Juu tandaza makuti yaliyokatwakatwa, nyasi au pumba za mpunga, maana mchanga mtupu wa saa saba mchana huunguza shina la mche palepale linapotokea ardhini.

Adui mmoja hupenda mchanga kuliko sisi, nao ni minyoo fundo. Hutembea kirahisi kati ya chembe kubwa na kushambulia nyanya, bamia na biringanya. Mmea hunyauka mchana ingawa umemwagiliwa, hupata nafuu usiku, hudumaa. Ung'oe utazame mizizi: imevimba mafundo. Usiyachanganye na vinundu vya kunde, ambavyo vimening'inia pembeni mwa mzizi, hubanduka kwa ukucha na ndani vina wekundu. Hivyo ni rafiki vinavyotengeneza naitrojeni. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, halibanduki. Kupokezana mazao ni lazima: baada ya nyanya panda bangi maua (marigold) zilizosongamana msimu mzima, na mboji nyingi huleta viumbe wanaowala minyoo hao.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kuhusu migomba na malimau ya kisiwa hicho, akaongeza kwamba nafaka ililetwa kutoka kwingine. Nadhani watu wale walikuwa wameisoma ardhi yao vizuri. Mti hushusha mizizi hadi penye unyevu ambao mchicha haufikii, hutoa kivuli, na majani yake huwa matandazo. Bustani ya pwani inayodumu huanza na miti. Kwenye mchanga mweupe mnazi, mlonge na mtende hustahimili. Kwenye mchanga wa silika wenye kina, mkorosho na mwembe. Chini ya kivuli chepesi cha mnazi ndipo mboga huwekwa. Nanasi ni mfano mzuri wa kutokubali kulazimishwa: linataka uchachu, ndiyo maana Kiwangwa, Bagamoyo, linastawi kwenye mchanga wake, na ufukweni Jambiani huwa la njano na kudumaa hata ukilipa samadi kiasi gani. Parachichi nalo lichunge, kwani huchukia chumvi kuliko miti mingi ya matunda.

Ukitaka uhakika zaidi ya siki na macho, peleka sampuli maabara: TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania) Mlingano mkoani Tanga hushughulika na udongo, Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro kina maabara yake, Unguja kuna kituo cha utafiti wa kilimo Kizimbani, na pwani ya Kenya kuna KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Mtwapa. Chota sehemu kumi tofauti za kiwanja hadi sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, chukua kilo moja. Omba pH, chumvi, kaboni ya mboji na kiasi cha chokaa. Na kama siki ilichemka, waambie fosforasi ipimwe kwa njia ya Olsen. Ile ya Bray ilitengenezwa kwa udongo mchachu, na kwenye mchanga wa matumbawe majibu yake hayawezi kutegemewa.